Kutu ya saspensheni na wito wa kurudisha magari: kwa nini majimbo ya chumvi peke yake?

#1 Mzee wa Bushi
Wakuu salaam. Machi 2023 Honda ilitangaza huko Marekani wito wa kurudisha CR-V za modeli ya 2007 hadi 2011, takriban magari 564,000, kwa sababu fremu ya nyuma inaweza kuliwa na kutu mpaka mkono unaoshika gurudumu la nyuma ung'oke. Wito ulihusu magari yaliyouzwa au kusajiliwa kwenye majimbo 22 ya baridi, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, pamoja na Washington DC. Gari lilelile likiwa Texas halimo.

Hoja yangu ni hii: kama kile chuma ni kibovu, basi ni kibovu kote. Kama ni kizima, wanayaita magari ya nini? Mimi naona kiwanda kinabana matumizi kwa kujificha nyuma ya chumvi. Karibuni tubishane, ila kwa vipimo, mapenzi ya chapa tuyaache mlangoni.

#2 Toki90
Mkuu, chuma kina umri, na umri wake unategemea kinachomwagikiwa. Barabara za theluji hutiwa sodiamu kloridi, na baridi ikizidi huongezwa magnesiamu kloridi au kalisiamu kloridi. Hizi hazifanani. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa na kuyeyuka unyevu ukifika kama asilimia 75. Ya magnesiamu huanza asilimia 33 hivi, na ya kalisiamu hapohapo karibu. Kwa hiyo bodi ya gari inakauka lakini uvungu unabaki na utando wa maji ya chumvi kutwa kucha. Maji hayo yanapitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme.

Na baridi yenyewe haina hatia, kwa kweli inapunguza kasi ya kutu. Gari lililotoka kwenye chumvi likalazwa kwenye gereji yenye joto linaoza haraka kuliko lililolala nje kwenye barafu.

Kusini hawamwagi chumvi kiasi hicho. Basi, hesabu imeisha.

#3 Weldi Baridi
Haijaisha. Kemia ya #2 naikubali, hitimisho silikubali. Kama chumvi ndiyo mkosaji, kwa nini jirani mwenye gari la kampuni nyingine, barabara ileile, miaka ileile, uvungu wake una vumbi la kutu tu na haujatoboka?

Umbo ndilo kosa. Tazameni sehemu zinazoitwa mara kwa mara: mikono ya chini, sabufremu (fremu ndogo inayoshika saspensheni), ekseli ya nyuma. Nyingi ni bati mbili zilizokandamizwa kwenye ukungu, zikaunganishwa kwa weldi, katikati pakabaki uwazi. Sasa hesabu udhaifu. Rangi ya umeme ya kiwandani (chuma huzamishwa kwenye rangi iliyopitishwa umeme) haiingii vizuri kwenye pembe za ndani, na pale bati linapokatwa makali rangi hujivuta na kubaki nyembamba. Weldi huacha magamba, rangi ikikaa juu ya magamba inabanduka nayo. Tundu la kutolea maji likiwekwa milimita chache juu ya sehemu ya chini kabisa, humo ndani panakuwa na kibwawa kisichokauka. Changarawe na matope yakiziba tundu lenyewe, ndiyo basi tena.

Kinachooza kinaanzia ndani. Ukiona tundu nje, ujue unene umeshakwisha siku nyingi.

#4 Nati Kumi na Tisa
Naunga mkono #3. Mfano mzuri ni Ford Escape za 2001 hadi 2006, ziliitwa 2014 kwa sabufremu kuoza mpaka mkono wa chini uachie.

#5 Kipima Unene
#4 rekebisha mwaka, ni za 2001 hadi 2004. Zilikuwa magari 385,750 na, kwa faida ya mwanzisha uzi, nayo yalihesabiwa kwa majimbo ya chumvi. Mazda Tribute ya miaka hiyohiyo ikafuata mwaka huohuo, maana uvungu ni mmoja. Suluhisho lilikuwa kufunga kiungo cha chuma cha kuimarisha, sabufremu haikubadilishwa yote.

#6 Nati Kumi na Tisa
Sawa, 2001 hadi 2004. Shukrani.

#7 Mzee wa Bushi
Hapo hapo #5! Kufunga kiraka juu ya kilichooza ndiyo matengenezo?

#8 Kipima Unene
Si kiraka, mkuu. Kiungo kinabeba mzigo kwa njia nyingine, ili sehemu iliyooza ikiachia mkono usiende popote. Kama chuma cha kushikia hicho kiungo nacho kimekwisha, hakifungwi. Honda kwenye zile CR-V walisema hivyohivyo: likikaguliwa likafaa linafungiwa kiimarishi au fremu inatengenezwa, likiwa limeharibika sana wanaweza kupendekeza kulinunua gari lenyewe. Ford Windstar za 1998 hadi 2003 zilizoitwa 2010 kwa ekseli ya nyuma kupasuka zilipita njia hiyo pia: isiyo na ufa ilifungiwa viimarishi, yenye ufa ilibadilishwa.

Swali lako lingekuwa zuri zaidi kama ungeuliza kiimarishi kinadumu miaka mingapi kwenye chumvi ileile.

#9 Lifti ya Pili
Mnazungumza kana kwamba kila wito wa kutu ni wa chumvi. RAV4 je? Agosti 2012 Toyota iliita RAV4 za 2006 hadi mwanzoni mwa 2011 na Lexus HS 250h ya 2010, jumla karibu 778,000. Tatizo lilikuwa mkono namba moja wa saspensheni ya nyuma, ule wenye nyuzi za kurekebishia alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Nati ya kufungia isipokazwa kwa kipimo baada ya alaimenti, mkono unapata uchezaji mdogo. Nyuzi zinasagana, rangi inatoka, maji yanaingia, kutu inakaa, nyuzi zinaliwa, mkono unaachana. Hapo mkosaji ni spana ya mtu.

#10 Toki90
Kutu imo bado, mkuu.

#11 Lifti ya Pili
Imo kama mgeni wa pili. Kaza nati kwa kipimo, kutu haina pa kuingilia. Na angalia kilichofuata: 2013 Toyota ikalazimika kuyaita tena magari yaleyale kwa sababu baadhi hayakutengenezwa sawasawa mara ya kwanza. Chumvi haiwezi kusababisha wito wa pili baada ya mwaka mmoja hivi.

#12 Mama Gereji
Wanangu, #9 kagusa penye ukweli ambao watu wa alaimenti hawapendi kuusikia. Kwenye mkono wa aina ile utaratibu ni mmoja. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya kabla ya kugeuza chochote. Legeza nati ya kufungia ukiwa umeshika kipande cha katikati kwa spana ya pili, kisizunguke na kuipinda bushi, ule mpira wa kwenye kiungo. Rekebisha. Kaza nati kwa spana ya kipimo, na unapokaza mwisho shika tena kile kipande, la sivyo unakaza huku unaharibu alaimenti uliyoipima dakika mbili zilizopita. Ndiyo maana wengine huikaza nusunusu: wanaogopa namba kwenye skrini zisisogee.

Ukimaliza paka nta au grisi nzito juu ya nyuzi zilizobaki wazi. Gari likirudi baada ya mwaka na unga mwekundu unatoka kwenye nyuzi, usikaze tena. Unga huo ni chuma kilichosagika. Badilisha mkono.

#13 Mlalo wa Chini
Mmesahau kundi la tatu: maji ndani ya boljointi, kile kiungo cha duara kinachojigeuza kila upande. Mazda CX-7 za 2007 hadi 2012, takriban 190,000, ziliitwa 2016 kwa sababu maji yaliweza kuingia kwenye boljointi ya mkono wa chini wa mbele, boljointi ikaoza, mkono ukaachana. Fremu nzima, mkono mzima, kioo kinang'aa, lakini mpira mdogo wa kufunikia umeshindwa kazi.

Halafu Ford Explorer. Julai 2021 waliita za 2013 hadi 2017, karibu 775,000 duniani, kwa linki ya nyuma inayoshika mwelekeo wa gurudumu kuvunjika. Na chanzo kilichotajwa hakikuwa linki yenyewe, kilikuwa boljointi nyingine iliyokamata.

#14 Nati Kumi na Tisa
Hapo #13 nifafanulie. Boljointi ikikamata inavunjaje linki ya pembeni? Mimi najua boljointi ikilegea ndiyo hatari.

#15 Mlalo wa Chini
Ikilegea inapiga kelele, kwa hiyo inakupa taarifa. Iliyokamata inanyamaza, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Linki ya saspensheni imeundwa kuvutwa na kusukumwa kwa urefu wake. Haikuundwa kupindwa. Inafaulu kwa sababu kila kiungo kinajigeuza bure gurudumu linapopanda na kushuka. Sasa kiungo kimoja kikikamatwa na kutu, ule mzunguko hauna pa kwenda, unageuka kuwa mpindo kwenye kipande kinachofuata. Kila tuta, mpindo. Kila shimo, mpindo. Chuma hakivunjiki siku hiyo. Kinaanza ufa mdogo kwenye shingo nyembamba, ufa unatembea, na siku moja linki inakatika ukiwa kwenye mwendo. Gurudumu la nyuma likijigeuza lenyewe upande, usukani hauna la kukusaidia.

Ndiyo maana matengenezo ya wito ule hayakuishia kwenye linki. Walitakiwa kukagua ile boljointi, kubadilisha nako (chuma kinachobeba gurudumu) ikibidi, kuweka linki mpya za muundo imara zaidi, kisha alaimenti. Anayebadilisha linki peke yake na kuacha boljointi iliyokamata ameweka mshumaa mpya kwenye upepo uleule.

#16 Weldi Baridi
#15 umemaliza kazi yangu. Hilo ni kosa la umbo, nilisema toka #3 😀

#17 Mlalo wa Chini
Ni kosa la kuziba maji. Mpira ungefunga vizuri umbo lisingekuwa na neno.

#18 Toki90
Na mpira uliharibiwa na nini? Chumvi iliyokaa kwenye mdomo wake ikala chuma kinachoushikilia. Karibuni nyumbani.

#19 Mzee wa Bushi
Mnazunguka mti huku swali langu liko juu ya tawi. Mwenye gari anaangalia nini, tuachane kwanza na mkosaji?

#20 Kipima Unene
Kwa mwenye gari, utaratibu unaofaa bila lifti ya bei mbaya:

Kwanza, juu ya ardhi. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, gari likiwa tupu na tairi zina upepo sawa. Kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya sentimita moja hivi, tafuta springi iliyovunjika au mpira wa kukalia uliokufa. Angalia tairi za nyuma zinavyolika: kuliwa upande mmoja kwa gurudumu moja ni dalili ya linki au nyuzi za alaimenti kusogea.

Pili, gari likiwa juu ya stendi imara, jeki si stendi. Na usiweke jeki kwenye sabufremu unayoishuku kuoza, itapenya. Chukua nyundo ndogo na bisibisi butu. Gonga chuma cha mkono na cha sabufremu kila sentimita chache. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya mbao. Penye sauti ya mbao sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, mjadala umekwisha, gari halitembei.

Tatu, tundu za kutolea maji. Tafuta zote, zizibue kwa waya. Kinachotoka kikiwa magamba ya kutu badala ya mchanga, ingiza kamera ndogo ya waya uone ndani.

Mwenye kipima unene cha mawimbi ya sauti kwanza apasugue mahali pa kupimia mpaka chuma king'ae. Ukipima juu ya tabaka la kutu namba inakudanganya, na mara nyingi inakudanganya kwa kukufurahisha. Linganisha na sehemu ya mkono huohuo isiyoshikwa na maji, usibuni unene wa kiwandani.

#21 Mama Gereji
Mwanangu #20 vizuri, lakini boljointi hujaigusa, na wengi wanaipima vibaya. Lazima uitoe mzigo kwanza. Kama springi imekaa juu ya mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono huo, karibu na boljointi, unyanyue mpaka springi ibebwe na jeki. Kama ni mfumo wa MacPherson, ambapo springi na shokomzoba ni nguzo moja, acha gurudumu lining'inie. Ndipo uingize mtaimbo chini ya tairi unyanyue, huku mwingine akiangalia pale boljointi inapoingia kwenye nako. Ukitikisa gurudumu juu na chini boljointi ikiwa imebanwa na springi, itakuambia ni nzima hata kama imebaki roho.

Ukishika kushoto na kulia kwa gurudumu la mbele unapima tairodi na raki, yaani vyuma vya usukani. Kwa gurudumu la nyuma unapima linki za mwelekeo. Msichanganye.

Na kwa boljointi iliyokamata ya #15, mtaimbo hautaonyesha kitu, maana haina uchezaji. Itoe kwenye kiti chake, izungushe kwa mkono. Ikikataa au ikizunguka kwa mikato-mikato, imekwisha.

#22 Springi Mbichi
Mbona springi hamzitendei haki? Nazo zina miito. Hyundai iliwahi kuita Santa Fe za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye majimbo ya chumvi kwa springi za mbele kuvunjika na kugusa tairi.

Springi ni kesi ya pekee. Chuma chake ni kigumu mno na kinabeba mzigo muda wote, hata gari likiwa limelala. Rangi ikitoka kwa jiwe moja tu, kutu inachimba kishimo. Kwenye bati nene kishimo cha nusu milimita si habari. Kwenye springi ni mwanzo wa ufa, kwa sababu mkazo wote unakusanyika hapo. Isitoshe, kutu inaachia haidrojeni ambayo chuma kigumu kinainywa na kuwa chepesi kukatika.

Inakatikia wapi? Karibu kila mara mzunguko wa chini kabisa, pale inapokaa kwenye sahani yake. Mchanga unaingia kati ya springi na sahani, unasugua rangi, unashika maji. Ndiyo maana ukikagua springi usitazame katikati penye mwanga. Pitisha kidole ncha ya chini, mpaka mwisho. Ncha ikiwa kali na chuma kinang'aa, kipande kimeshaanguka barabarani.

Na mnapobadilisha, ni jozi. Springi mpya kulia na kuukuu kushoto ni gari linaloinama.

#23 Lifti ya Pili
Kabla hamjamlaumu chumvi kwa kila springi: Juni 2023 Jeep iliita Grand Cherokee karibu 331,000, za 2022 na 2023 pamoja na zile ndefu za kuanzia 2021, kwa springi za nyuma zinazoweza kuchomoka. Magari mapya. Kutu hakuna. Zilifungwa vibaya kiwandani.

#24 Toki90
Hilo halipo kwenye mada, mkuu. Mada ni kutu.

#25 Lifti ya Pili
Lipo, kwa sababu linaonyesha saspensheni ikishindwa ikiwa changa tunasema kiwanda, ikishindwa ikiwa nzee tunasema chumvi. Huenda zile nzee nazo zilifungwa vibaya, kutu ikachelewesha ushahidi tu.

#26 Weldi Baridi
Hiyo nayo kali. Ila ukikata mkono wa chini uliooza ukakuta kutu imeanzia kwenye mshono wa weldi kulia na kushoto sawasawa, hapo hakuna nati ya mtu.

#27 Sheria na Magurudumu
Nimesoma toka mwanzo. Nimjibu #1 kwa upande wa kanuni.

Marekani msimamizi ni NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani. Kiwanda kikishaamua kuna kasoro ya usalama, kina siku 5 za kazi kumjulisha, na barua za wamiliki zinatakiwa kutoka ndani ya siku 60 baada ya hapo. Kuhusu majimbo: mwongozo wake unatofautisha kasoro inayojitokeza ukipita kwenye hali fulani kwa muda mfupi, na inayohitaji miaka ya kukaa humo. Ya kwanza inaitwa nchi nzima, maana mtu wa kusini anaweza kuendesha kaskazini wiki moja. Ya pili inaruhusiwa kubanwa kwa majimbo. Kutu ya saspensheni huwekwa kwenye kundi la pili.

Bila malipo: sheria inakilazimisha kiwanda kwa gari lisilozidi miaka 15 tangu mnunuzi wa kwanza. Ilikuwa miaka 10, ikaongezwa na sheria ya usafiri ya mwishoni mwa 2015. Zaidi ya hapo ni hiari ya kiwanda, na kwa kutu jambo hilo lina uzito kwa sababu kutu inajitokeza gari likishazeeka. Windstar ya 1998 mwaka 2010 ilikuwa tayari imevuka muda wa lazima wa wakati ule.

Aliyetengeneza kasoro ileile kwa pesa yake kabla ya barua atunze risiti, kuna utaratibu wa kudai kurudishiwa.

#28 Mzee wa Bushi
Ahsante #27, umenipa silaha. "Miaka ya kukaa humo." Gari lililokaa Ohio miaka minane likauzwa Florida, lina miaka minane ya chumvi tumboni na usajili wa jua. Limo au halimo?

#29 Sheria na Magurudumu
Ndiyo maana wito wa CR-V ulisema "yaliyouzwa au kusajiliwa". Kama mwanzo liliuzwa Ohio, limo. Tatizo ni gari lililouzwa mwanzo kusini, likaishi kaskazini, likarudi kusini. Hilo linategemea kiwanda kimechimba historia ya usajili kiasi gani. Dawa ni kuingiza VIN, namba ya utambulisho wa gari yenye tarakimu na herufi 17, kwenye ukurasa wa NHTSA, usitegemee barua. Wito uliokwisha kutengenezwa hautaonekana, ni ule uliobaki tu.

Muuzaji wa magari mapya haruhusiwi kukukabidhi gari lenye wito ambao haujatengenezwa. Wa magari yaliyotumika, kwa sheria ya shirikisho, hazuiwi. Kampuni za kukodisha zenye magari zaidi ya 35 zinazuiwa toka 2016.

#30 Nati Kumi na Tisa
Na gari la Japani? Nikiweka namba ya chesisi inakataa.

#31 Kipima Unene
Itakataa tu. Magari ya soko la ndani la Japani hayana VIN ya 17. Yana alama ya modeli, kistari, kisha namba. Wito wake uko kwa wizara ya uchukuzi ya Japani na kwa tovuti ya kiwanda chenyewe ya Kijapani, unatafuta kwa namba hiyohiyo. Na usidhani wito wa Marekani unalihusu kwa sababu jina la gari ni moja. Mkono wa chini unaweza kuwa wa mtengenezaji mwingine kabisa, na rangi nyingine.

Kinyume chake pia ni kweli: kutokuwepo kwa wito si cheti cha uzima. Hokkaido theluji inaanguka na dawa ya barabara inamwagwa. Nyundo ya #20 haiulizi gari limetoka wapi.

#32 Springi Mbichi
Tuje kwenye kinga. Kuna wanaopaka lami ya mpira uvungu mzima wakadhani wamemaliza.

#33 Weldi Baridi
Lami ya mpira juu ya chuma kipya, safi, sawa. Juu ya kutu ni jeneza. Ikishakauka inapasuka, maji yanaingia nyuma yake, hayatoki, na wewe huoni kitu mpaka kipande kinaanguka na bati lake. Kwenye uwazi wa ndani tumia nta ya majimaji kwa bomba refu lenye ncha ya kunyunyiza pande zote, upitishe kwenye tundu za maji, kisha uhakikishe umezizibua tena. Nje kwenye mikono na sabufremu, mafuta ya lanolini yanafaa, yarudiwe kila mwaka kabla ya msimu wa chumvi.

Funika diski za breki na usinyunyizie egzosi. Mafuta ya petroli yanavimbisha bushi za mpira wa asili, kwa hiyo zipite kando. Dawa ya kugeuza kutu inafanya kazi kwenye kutu ya juu tu, chuma kilichopungua unene hairudishi.

#34 Toki90
Na maji ya kawaida. Kuosha uvungu kwa presha ndogo na maji mengi kunafaa kuliko presha kubwa inayosukuma chumvi ndani ya mpira wa boljointi.

#35 Mama Gereji
Kwa wanaobadilisha mikono wenyewe: bolti ya bushi ikikamatana na bomba lake la ndani, moto utaitoa lakini utaichoma bushi, kwa hiyo moto ni kwa mkono unaokwenda kutupwa. Ikizunguka pamoja na bomba, usipoteze nusu siku, ikate kwa msumeno wa mashine pande zote mbili za bushi. Nunua bolti na nati mpya kabla hujaanza, hasa zile zenye duara lililokaa pembeni za kurekebishia alaimenti, maana ndizo zinazokufa.

Usikaze bushi gari likiwa linaning'inia. Iingize bolti, nati iguse tu, shusha gari likae kwa uzito wake au nyanyua mkono kwa jeki hadi kimo cha kawaida, ndipo ukaze kwa kipimo. Ukikaza likiwa juu, mpira unabaki umejipinda na bushi mpya inachanika mapema, halafu utakuja hapa kulaumu chumvi.

#36 Lifti ya Pili
Au utamlaumu Toki90.

#37 Mzee wa Bushi
Nimesoma zote. Bado nasema gharama. Mngeniambia chumvi, ningekubali, umbo, ningekubali, nati, sawa, mpira wa boljointi, sawa. Lakini zote nne kiwanda kinazijua kabla ya kuchora, na chumvi ya barabarani haikuanza jana. Tundu la maji likishushwa milimita tano linaongeza kiasi gani?

#38 Weldi Baridi
Kulishusha si bure mkuu, unalisogeza kwenye sehemu inayobeba mkazo mkubwa zaidi. Tundu kwenye ukingo wa chini wa mkono ni mwanzo wa ufa. Mchoraji anachagua afe kwa kutu baada ya miaka 12 au kwa uchovu wa chuma baada ya 6.

#39 Mlalo wa Chini
Au aongeze unene nusu milimita.

#40 Weldi Baridi
Na uzito usiobebwa na springi uongezeke, gari ligonge kama mkokoteni.

#41 Nati Kumi na Tisa
Aluminiamu je? Magari mengi sasa mikono ni ya aluminiamu, kutu hamna.

#42 Kipima Unene
Kutu nyekundu hamna. Sasa fungua uzi mwingine tuzungumzie boljointi ya chuma iliyoshindiliwa ndani ya aluminiamu kwenye maji ya chumvi, ule unga mweupe unaoonekana pembeni yake. Njoo na nyundo kubwa.